BUSTANI YA NYUMBANI: Pima mbegu kabla mvua haijaja



Tuko mwezi wa 10. Jua ni kali, mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa Mweru, na karibu kila nyumba iko na kamfuko ka mbegu: mahindi, karanga, bamia, lenga-lenga. Hicho ndicho chakula cha Februari na Machi. Zikifia ndani ya udongo, kupata zingine katikati ya mvua ni shida. Kwa hiyo leo tunaongea mambo mawili tu: kujua kama mbegu ingali hai, na kujua siku ya kuipanda.

Mbegu ni kitu chenye uhai. Ndani yake mmea mdogo umelala, na akiba yake ya chakula iko pembeni. Joto, unyevu na vidudu vinaumaliza polepole. Kwa macho tu huwezi kujua, juu mbegu iliyokufa inaweza kung'aa sawasawa na nzima. Basi tuiulize kwa kitambaa.

JARIBIO LA KITAMBAA

1. Changanya mbegu zako zote, kisha uchukue 10 bila kuchagua. Ukichagua nzuri tu, unajidanganya.

2. Lowesha kitambaa safi, ukamue mpaka maji yasidondoke. Panga mbegu zisigusane, kisha ukunje.

3. Weka ndani ya sahani, funika na mfuko wa plastiki. Iache ndani ya nyumba, mbali na moto na jua. Kila asubuhi angalia kama kitambaa kingali na unyevu. Maji yakizidi, mbegu inakosa hewa na kuoza.

4. Siku ya 7 hesabu zilizotoa mzizi. Mahindi, kunde na lenga-lenga kwa kawaida zinaanza siku ya 3 mpaka ya 5. Karanga, bamia, nyanya na kitunguu zinaweza kuchelewa. Ngoja mpaka siku ya 10.

Zikiota 8 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 6 ao 7, panda lakini ongeza: pahali pa mbegu moja weka mbili. Zikiota 5 ao chini, usizitegemee. Tafuta zingine sasa. Mwenye kujua leo angali na muda wa kuomba kwa jirani ama kwa kikundi cha wakulima; mwenye kujua mwezi wa 12 amechelewa.

Angalisho: kama mbegu imepakwa rangi, nyekundu ama kijani, ile ni dawa ya sumu. Usiile hata ukiiosha, usiwape kuku, na ukiigusa nawa mikono. Karanga nazo muziache ndani ya maganda mpaka karibu siku ya kupanda. Zikimenywa mapema zinakufa haraka.

TUPANDE LINI?

Huku Luapula mvua inaanza mwisho wa Oktoba ama Novemba, na inaenda mpaka Aprili. Kwa mwaka mzima inapita milimita 1,000. Ni mvua nyingi, lakini ya kwanza ni mwongo. Inanyesha siku moja, vumbi linatulia, watu wanakimbia shambani. Kisha jua linarudi wiki mbili.

Hapo ndipo mbegu zinapotea. Mbegu kavu inaweza kungoja. Lakini ile imekwisha kunywa maji na kutoa mzizi haiwezi kurudi kulala. Ikikosa maji inakufa. Kwa hiyo usioteshe mbegu za shamba ndani ya nyumba ukitumaini kwamba mvua itakuja kesho.

Nyesho kubwa likipita, chimba. Kama udongo una unyevu mpaka kina cha kiganja na vidole vyake, kama sentimita 20, na ukiufinya unashikamana, panda. Usipande zote. Panda nusu, na nusu ingine ifuate kisha wiki moja ao siku 10. Jua likipiga ya kwanza, ya pili ingaliko. Lakini mahindi musiyacheleweshe mpaka mwisho wa Desemba, yatakosa mvua ya mwisho. Tukumbuke mwaka 2024: mvua ilikatika katikati ya msimu, na Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Maharagwe hayana haraka. Yanaweza kungoja mpaka Februari, mvua inapokaribia kupungua.

MBOGA YA KARIBU NA MLANGO

Kiko kitu kimoja hakingoji mvua. Kila mwaka tarehe 1 Desemba Zambia inafunga uvuvi mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Sokoni Kashikishi samaki wabichi wanakuwa haba. Bukari tutaila na nini?

Sia lenga-lenga sasa, ndani ya kopo lililotobolewa chini ama kashamba kadogo nyuma ya nyumba. Funika mbegu na udongo kidogo sana, kama chumvi juu ya chakula. Mwagilia asubuhi na jioni na maji uliyooshea mboga ama mikono, yasiyo na sabuni nyingi. Kisha wiki 3 ao 4 unaanza kuchuma. Bamia uilaze ndani ya maji usiku mmoja, asubuhi uipande pale pale unapoweza kumwagilia.

KAZI YA MWEZI

Wapeni watoto kazi ya kuhesabu mbegu zilizoota na kuandika namba juu ya mfuko. Mbegu 10 za kitambaa zikiota, musizitupe: kama hazina dawa na muko na maji, zipandeni karibu na mlango.

Tubakie na afya. Tuonane mwezi ujao.