Dawa ya sonona isipimwe kwa madume pekee

Mwanamke wa Kilimatinde akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akashindwa hata kushika jembe, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Mtakatifu Yohana, mali ya Kanisa Anglikana. Akizidiwa, ni barabara ya Manyoni hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Huenda akaandikiwa dawa za sonona, amitriptilini au fluoksetini. Asichoambiwa ni kwamba elimu ya ugonjwa wake imejengwa kwa miongo mingi juu ya panya dume.

Hili halikubaliki. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwenye kila wanaume wawili wenye sonona kuna takriban wanawake watatu. Hata hivyo watafiti Annaliese Beery na Irving Zucker, walipopitia machapisho ya mwaka 2009, walikuta kwamba katika sayansi ya ubongo tafiti za wanyama dume pekee zilizidi zile za jike pekee kwa zaidi ya mara tano.

Jaribio la kupima dawa za sonona kwa panya halina siri. Panya hutumbukizwa kwenye chombo cha maji chenye kuta asizoweza kuzikwea. Hupiga maji, huzunguka, kisha huacha na kuelea tu, huku mtafiti akihesabu sekunde. Dawa inayomfanya aendelee kuogelea huonekana ina dalili njema. Swali la jinsia ya panya huyo limepuuzwa mno.

Na jibu lake lina uzito. Mwaka 1998 mtafiti Tracey Shors na mwenzake walionyesha kuwa msongo uleule uliowafanya panya dume wajifunze haraka uliwadumaza majike. Jirani zetu Amboseli, Kenya, ambako nyani wanafuatiliwa tangu 1971, vipimo vya vinyesi vyao vimesema vivyo hivyo: dume kinara wa kundi ana homoni nyingi za msongo kuliko dume anayemfuatia, ilhali jike kinara anazo chache kuliko majike wenzake. Cheo ni kilekile, miili inajibu tofauti.

Kisingizio cha siku zote ni kwamba mzunguko wa uzazi wa jike huvuruga matokeo. Kisingizio hicho kilikufa mwaka 2014, pale mapitio ya makala 293 yalipoonyesha kuwa vipimo vya panya jike havitawanyiki kuliko vya dume. Tangu Januari 2016 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinawataka waombaji wa fedha za utafiti wa wanyama wazingatie jinsia. Gharama ya uzembe nayo inajulikana: zolpidemu, dawa ya usingizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na ni mwaka 2013 tu ndipo dozi ya wanawake ilipoagizwa ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5.

Msimamo wetu ni huu. Kamati zinazotoa vibali vya utafiti nchini, za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na vyuo vikuu kama kile cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na kile cha Kilimo cha Sokoine (SUA), zisipitishe utafiti wa msongo au sonona unaotumia jinsia moja bila sababu ya kisayansi iliyoandikwa. Matokeo ya dume na jike yachapishwe kila moja peke yake. Na wanaoingiza dawa nchini waulizwe zilijaribiwa kwa nani. Asiyeweza kujibu swali hilo hana haki ya kumhakikishia mwanamke wa Kilimatinde kwamba kidonge anachopewa kilipimwa kwa ajili yake.