Ngazi za Bronx na Reli ya Buguruni

"Shikamoo, Mwalimu. Eti ulifika New York? Sasa zile ngazi za Joker ulizipanda?"

Swali hilo niliulizwa na kijana wa bodaboda, mkazi wa Buguruni, tulipokuwa tumejibanza chini ya kibaraza karibu na sokoni tukisubiri mvua ikatike. Nilimwitikia marahaba, kisha nikasita. Jibu lilikuwa ndiyo, lakini niliona haya kulitoa.

Ndugu msomaji ambaye si mpenzi wa filamu hizi, nikueleze kwanza. Ngazi zenyewe ni za kawaida kabisa, za wapita njia, katika eneo la Bronx. Zinapanda mwinuko mkali na kuunganisha barabara mbili, moja ikiitwa Anderson na nyingine Shakespeare, mtunzi yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia zake mbili. Kwa miaka mingi waliozijua ngazi hizo walikuwa wakazi waendao kazini na sokoni. Mwaka 2019 ilitoka filamu ya Joker, adui mkubwa wa Batman, na mhusika huyo akacheza dansi juu ya ngazi hizo. Tangu hapo wageni wakaanza kumiminika kutoka pande zote za dunia wapate kupigwa picha mahali hapo. Baadhi ya wakazi walilalamika waziwazi: njia yao imezibwa, na mtaa wao umegeuzwa pazia la nyuma la picha za watu wengine.

Nami nilikwenda. Nilitoroka kikao kimoja cha mkutano wa kitaaluma, nikapanda treni, nikafika nikiwa na simu mkononi kama wenzangu. Mama mmoja wa makamo, mwenye mifuko miwili ya sokoni, alikuwa akipanda polepole. Alisimama mara tatu kungoja vijana wamalize picha zao. Mara ya tatu aligeuka akanitazama mimi, si wao. Nadhani alitarajia kwamba mtu mweusi wa umri wangu angekuwa na adabu zaidi. Niliirudisha simu mfukoni na kumpokea mfuko mmoja.

Mama yule sikumjua kwa jina, lakini nilikwisha kumwona mara nyingi. Nimemwona Buguruni kwa Mnyamani akivuka reli na mzigo kichwani asubuhi, huku watu wakigombea nafasi katika treni ya mjini, ile ambayo tangu ilipoanza mwaka 2012 wananchi wameiita treni ya Mwakyembe. Reli hiyo ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni njia yenye jasho, mali na majonzi ya zaidi ya karne moja. Hata hivyo, sijapata kuona mgeni hata mmoja aliyekuja Buguruni kupiga picha pale.

Kwa nini Bronx waende, na hapa wasije? Si kwa sababu ngazi zile ni nzuri. Mahali hapawi mashuhuri kwa mawe yake, bali kwa hadithi inayosimuliwa juu yake. Gotham haimo katika ramani yoyote; lakini watu huenda Chicago kuitafuta, kwa kuwa The Dark Knight ya mwaka 2008 ilipigwa katika mitaa yake. Jiji la Superman nalo halipo, lakini jengo la gazeti la Daily News la New York lilipotumika katika filamu ya mwaka 1978, likawa ofisi ya shujaa huyo katika fikra za mamilioni ya watu.

Sasa tuitazame Wakanda. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, Afrika Mashariki ilisherehekea. Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, kulikuwa na onyesho maalumu la uzinduzi. Nami nilifurahi, wala sijutii furaha hiyo. Lakini sehemu kubwa ya filamu hiyo ilitengenezwa Atlanta, Marekani, na mji mkuu wa Wakanda ni kazi ya kompyuta. Mtoto wa Chicago akiota Gotham, anaweza kutoka nje akaigusa. Mtoto wa Buguruni akiota Wakanda, hana pa kwenda. Nchi ya Kiafrika inayotamaniwa kuliko zote ni nchi isiyo na mlango.

Wala si kwamba tumekosa mashujaa. FRELIMO iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Eduardo Mondlane, kiongozi wake wa kwanza, aliuawa katika jiji hilihili tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Che Guevara alipita hapa mwaka 1965 akielekea Kongo. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya jiji tangu mwaka 1927, ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokwisha katika vita ambavyo havikuwa vyao. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu Mondlane aliuawa wapi. Wengi hujibu Msumbiji. Wengi wa haohao huijua nyumba ya Batman chumba kwa chumba.

Msomaji mmoja atanijibu kwamba shida ya Buguruni ni mifereji, maji na ajira, si filamu. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini tazama jinsi nyumba za zamani za Kariakoo zilivyopisha maghorofa. Mahali pasipo na hadithi hubomolewa bila kuliliwa. Anayeuona mtaa wake kuwa ni kituo cha kusubiria kwenda kwingine hatadai mfereji wake uzibuliwe. Atadai nauli ya kuondokea. Serikali yenyewe inajua nguvu ya picha, ndiyo maana mwaka 2022 Rais Samia alijitokeza katika The Royal Tour kuitangaza nchi. Mbuga, mlima na visiwa vikapata sifa yake. Mitaa wanamoishi watu bado inangoja zamu.

Tena nguvu ya kusimulia tunayo. Katika vibanda umiza vya jiji hili, Lufufu na wenzake walizichukua filamu za kigeni wakazitia sauti ya Kiswahili, pamoja na vichekesho na methali zetu. Kijana wangu wa bodaboda anaijua New York kwa Kiswahili. Watu walioweza kuisimulia New York hadi ikaeleweka Buguruni hawashindwi kuisimulia Buguruni.

Ombi langu kwa watengenezaji filamu, walimu na viongozi wa manispaa ni moja, nalo lina sharti. Tuipige picha mitaa yetu ikiwa na majina yake halisi, lakini wenye mtaa wawe wasimuliaji na wanufaika. Tusije tukajenga ngazi nyingine za kumzuia mama mwenye mifuko.

Mvua ilipokatika nilimjibu yule kijana: "Nilizipanda. Zinachosha." Alicheka. Kisha nikamwomba anipeleke nyumbani kwa kupitia kwa Mnyamani, ingawa kulikuwa na tope. Tulipofika relini alizima pikipiki, akaninyooshea kidole mahali ambapo babu yake, kuli wa reli, alikuwa akishukia jioni. Hadithi hiyo, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.