YAYA NA MTUMISHI WA NYUMBANI NI WAFANYI KAZI KAMA SISI



Liko neno moja ambalo limewadhulumu wafanyi kazi wa nyumbani kuliko fimbo. Neno lenyewe ni hili: "Huyu si mfanyi kazi, huyu ni kama mtoto wetu." Twauliza: ni mtoto gani anayeamka wa kwanza saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho? Ni mtoto gani ambaye akiugua hutiwa katika basi, arudishwe kwao bila senti? Neno hilo ni tamu kwa tajiri kwa sababu mtoto halipwi mshahara.

Watu hawa si wachache. Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa hesabu mwaka 2021: wafanyi kazi wa nyumbani ni 75,600,000, na zaidi ya robo tatu yao ni wanawake. Katika kila 100, 81 walifanya kazi isiyo rasmi. Maana yake, ugonjwa wao ni shauri yao, na uzee wao ni shauri yao.

Tarehe 16 Juni 2011 wajumbe wa serikali, wa matajiri na wa wafanyi kazi walipitisha Mkataba Nambari 189 huko Geneva. Kura 396 zilikubali, 16 zilikataa. Mkataba wasema mfanyi kazi wa nyumbani apumzike saa 24 mfululizo kila juma, akae na pasipoti yake mwenyewe, na alindwe katika ugonjwa na uzazi kama wengine. Uruguay iliuidhinisha kwanza mwaka 2012, Ufilipino ikafuata mwaka huo huo. Nchi nyingi zimekaa kimya. Na dada zetu wavuka bahari kwenda Ghuba, ambako kafala imewafunga wengi kwa tajiri aliyewaita, hata anayekimbia mateso akaitwa mtoro.

Lakini tusipige kelele juu ya Ghuba na kunyamaza juu ya Nairobi. Hapa Kenya sheria iko. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanyi kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 yenye malipo kila mwaka. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 champa haki ya kuingia chama. Tangazo la mishahara la 2022 liliwataja yaya na mtumishi wa nyumbani waziwazi, likaweka kima cha chini Sh. 15,201.65 kwa mwezi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu. Je, ni nyumba ngapi zililipa?

Kiwandani tuko mamia chini ya paa moja. Mmoja akionewa, wote twajua. Yaya yuko peke yake, na inspekta wa kazi hapigi hodi jikoni.

Tena wako wanachama ambao mchana wadai nyongeza ya mshahara, na jioni warudi kwa msichana ambaye hajalipwa miezi miwili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Watasema, "Mshahara wangu ni mdogo, nitamlipa nini?" Twajibu: mshahara mdogo hudaiwa kwa tajiri, haukatwi katika jasho la aliye mnyonge kuliko wewe. Siku tutakapoketi mezani na matajiri, watatuuliza, "Ninyi wenyewe mwalipaje?" Tutajibu nini?

Kwa hiyo twataka haya:

Kwanza, kila mwanachama mwenye mfanyi kazi nyumbani amlipe kima cha sheria, ampe siku yake ya kupumzika, na amwandikishe katika akiba ya uzeeni.

Pili, kila tawi liwatafute wafanyi kazi wa nyumbani mitaani, siku yao ya mapumziko, liwaonyeshe njia ya kuingia chama chao, KUDHEIHA.

Tatu, viongozi wetu wasichoke kuidai serikali iitekeleze sheria hata ndani ya nyumba za wakubwa.

Umoja unaomwacha yaya nje ya mlango si umoja.