Likasi: Mtandao ukikatika, barua pepe hubaki wapi?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, serikali ya Kongo iliamuru intaneti ikatwe. Ilirudi baada ya karibu siku 20. Katika mji kama Likasi, anayetegemea kivinjari pekee hukosa hata barua za zamani, kwani kwa kawaida hukaa kwenye seva za mbali. Programu maalumu kama Thunderbird, inayotolewa bure, huweza kuweka nakala ndani ya kompyuta. Ankara au mkataba uliokwisha kupakuliwa husomeka bila mtandao, na majibu husubiri kutumwa. Hata hivyo, kompyuta isiyo na nywila ikiibwa, siri za ofisi huondoka nayo. Nakala ni kinga, mradi ilindwe.