Njama za bei ya malori

Mwezi Machi 2000 Tume ya Ulaya iliikatalia kampuni ya Volvo kuinunua Scania. Zote mbili ni za Sweden, zote hutengeneza malori makubwa na injini za dizeli. Zingekuwa kitu kimoja, mnunuzi wa huko asingekuwa na pengine pa maana pa kukimbilia. Uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Lakini baadaye ilibainika kwamba tangu mwaka 1997 kampuni hizo hizo, pamoja na Daimler, MAN, Iveco, DAF na Renault, zilikuwa zikila njama juu ya bei, na hata juu ya lini mnunuzi aanze kutwishwa gharama ya mitambo ya kupunguza moshi. Njama ilidumu miaka 14! MAN ndiyo iliyotoboa siri, ikasamehewa faini. Mwaka 2016 wenzake walitozwa jumla ya Euro bilioni 2.93, Scania, iliyokana, ikatozwa milioni 880 mwaka uliofuata, na rufaa yake ya mwisho ilitupwa mwaka 2024.

Basi wanaodhani kwamba kuzuia makampuni yasiungane kunatosha, hawana budi kutafakari upya. Kuungana hufanywa hadharani, na serikali huweza kukataa. Njama haiombi kibali. Wala anayeumia si mwenye lori peke yake, kwani gharama ya kusafirisha mzigo humfikia hata anunuaye unga dukani. Wakaguzi wafungue madaftari ya bei wenyewe, wasingoje mshiriki mmoja atubu.