Vali ya Moyo Haikamiliki Bila Kipimo cha Damu

Moyo wa binadamu ni pampu yenye vyumba vinne, na katika njia zake mna vali nne ambazo kazi yake ni kuielekeza damu upande mmoja tu. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kwa kila pigo vali hizo hufunguka na kufungika. Vali ikiwa ngumu na njia yake ikawa nyembamba, damu hupita kwa taabu. Ikilegea, damu hurudi ilikotoka. Kwa vyovyote vile moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, hutanuka, na hatimaye huchoka. Mgonjwa huishiwa pumzi apandapo kilima kidogo, miguu yake huvimba, na usiku hawezi kulala chali.

Katika nchi za Ulaya wanaoharibikiwa na vali ni wazee zaidi. Katika Afrika Mashariki sababu kubwa ni homa ya baridi yabisi, ambayo hutanguliwa na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria waitwao streptokoki. Homa hiyo huwashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga ya mwili iliyokusudiwa kuwapiga bakteria huzishambulia pia vali za moyo, na mashambulizi yakirudiwa vali huachwa na makovu. Hivyo basi, mtu anayehitaji vali mpya katika nchi hizi aghalabu ni kijana, na jambo hilo la umri hubadili kabisa hesabu ya uchaguzi.

Aina mbili za vali

Inapowezekana, daktari mpasuaji huitengeneza vali ya mgonjwa mwenyewe, na hilo mara nyingi ndilo jambo bora. Lakini vali iliyojaa makovu huenda isitengenezeke, na hapo hapana budi kuweka nyingine. Mwaka 1960 daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, wa Portland nchini Marekani, walifaulu kutumia vali yenye tufe dogo ndani ya kizimba. Damu iliposukumwa mbele tufe lilisogea na kuacha njia. Ilipotaka kurudi, tufe liliziba. Vali za namna hii zitengenezwazo siku hizi zina vibawa viwili vya kaboni ngumu, muundo ulioanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1977. Vali ya kaboni yaweza kudumu kwa umri wote uliobaki wa mwenye nayo. Baadhi ya wagonjwa huusikia mlio wake usiku, mithili ya mlio wa saa.

Aina ya pili hutengenezwa kwa tishu ya mnyama, ama vali ya nguruwe, ama utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Nchini Ufaransa, daktari Alain Carpentier alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba tishu hiyo ikitiwa katika kemikali iitwayo glutaraldehaidi hustahimili kukaa mwilini. Vali ya tishu haina mlio, na aliyewekewa kwa kawaida hahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kasoro yake ni kuchakaa. Kwa mzee yaweza kudumu miaka 10 hadi 15 au zaidi. Kwa kijana chokaa huikusanyikia upesi, na upasuaji wa pili, ambao ni wa hatari zaidi kuliko wa kwanza, huhitajika mapema. Mgonjwa ana haki pia ya kuelezwa asili ya tishu hiyo, maana Mwislamu anayeona vigumu kupokea vali ya nguruwe anapaswa kujua kwamba iko ya ng'ombe.

Dawa na kipimo chake

Damu igusapo kitu kigeni huelekea kuganda. Bonge la damu likifanyika juu ya vali ya kaboni laweza kuvizuia vibawa visicheze, au kuchukuliwa na mkondo hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa sababu hiyo mwenye vali hiyo hutumia dawa ya warfarini kila siku mpaka mwisho wa maisha yake.

Dawa hiyo ina historia ya kufundisha. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin iliitambua kemikali iliyosababisha vifo hivyo, na kutokana na utafiti huo ikapatikana warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa nchini Marekani kuwa dawa ya binadamu. Huipinga kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza protini za kugandisha damu.

Kati ya manufaa ya warfarini na madhara yake pana nafasi ndogo sana. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 1983 ili majibu ya maabara mbalimbali yaweze kulinganishwa. Mtu asiyetumia dawa hupata 1 hivi. Mwenye vali ya kaboni kati ya vyumba vya kushoto vya moyo hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Akishuka, damu yaweza kuganda. Akipanda sana, aweza kuvuja damu tumboni au ubongoni.

Mambo ya kila siku huigeuza hesabu hiyo. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi; mgonjwa hakatazwi kuvila, bali hushauriwa ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Rifampisini itumiwayo kutibu kifua kikuu huipunguza nguvu warfarini, na metronidazoli, ambayo watu wengi hujinunulia madukani, huiongeza. Wala dawa mpya za kuzuia damu kuganda hazijaondoa shida hiyo: jaribio la dawa ya dabigatrani kwa wenye vali za kaboni lilisimamishwa kwa sababu ya mabonge na uvujaji wa damu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013.

Uchaguzi ufanyweje?

Miongozo ya Ulaya na Marekani hutoa uzito mkubwa kwa umri: kijana huelekezwa kwenye vali ya kaboni, mzee kwenye ya tishu. Miongozo hiyo yenyewe hutaka pia mgonjwa asikilizwe na uwezekano wa kupima damu uangaliwe, lakini sharti hilo ni rahisi kusahauliwa na mtu asomaye safu ya umri peke yake. Iliandikwa mahali ambapo maabara iko karibu na nyumbani. Ikichukuliwa kama ilivyo mahali pasipo na maabara, yaweza kumdhuru yule yule aliyekusudiwa kufaidika.

Na afikiriwe msichana wa miaka 18 anayetoka kijiji ambacho nauli ya kwenda hospitali yenye kipimo ni mapato ya nyumba nzima kwa juma. Kwa umri wake, kanuni yasema kaboni. Lakini msichana huyu atatamani kuolewa na kuzaa. Warfarini huvuka kondo la nyuma na yaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Na kuiacha bila dawa nyingine inayosimamiwa kwa makini ni kuhatarisha uhai wa mama. Vali ya tishu humwondolea mtego huo, ila humwahidi upasuaji mwingine akiwa bado kijana. Kila njia ina gharama yake, na ni yeye atakayeilipa. Kwa hiyo ni yeye, pamoja na wazazi wake, anayestahili kuelezwa yote kwa lugha anayoielewa kabla ya siku ya upasuaji.

Yafuatayo ni dhahiri. Kwanza, swali la kuanzia lisiwe vali ipi hudumu, bali mgonjwa atapimwa damu wapi, na nani, na kwa nauli ya nani. Pili, hospitali au serikali inayojenga uwezo wa kupasua moyo haina budi kuhesabu warfarini na kipimo cha INR katika hospitali za wilaya kuwa sehemu ya vali yenyewe. Vipo vifaa vidogo vipimavyo kwa tone la damu ya kidole, na muuguzi aliyefunzwa aweza kuvitumia. Ni fahari kwamba upasuaji huu hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini sifa ya kazi hiyo itapimwa kwa wagonjwa walio hai miaka 10 baadaye, si kwa idadi ya waliopasuliwa.

Tatu, shule ina sehemu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe huanzia kooni. Koo la streptokoki hutibika kwa penisilini, dawa ya bei ndogo. Na mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hulindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mwalimu anayempeleka zahanati mwanafunzi mwenye homa na koo linalouma, au anayemruhusu mwingine kuhudhuria sindano yake bila kumwadhibu kwa utoro, humwepusha na siku ambayo atalazimika kuchagua kati ya kaboni na tishu.