Ziwani hatuna ziwa, lakini bahari ni yetu

Jina la mtaa huu limekuwa mzaha kwa miaka mingi. Ziwani, na ziwa halipo. Maji tuliyo karibu nayo ni ya Mto Nairobi, na hakuna msee mwenye akili timamu atakayekwambia uvue shati uingie humo. Labda ndiyo sababu kila ifikapo Oktoba, stori za vijana kuanzia hapa hadi Kariokor, Shauri Moyo na Pumwani huwa ni zile zile: Desemba tunashuka Mombasa. Na siku hizi hakuna anayetaka kushuka akalale kwa binamu Kisauni, watu sita godoro moja. Vijana wanataka hoteli. Ile yenye kidimbwi cha kuogelea, minazi, kiamshakinywa cha kujipakulia mwenyewe, na mchanga unaoanzia pale ngazi zinapoishia.

Sisi hatuoni ubaya wowote. Wapo wazee watakaosema huo ni ubadhirifu, kwamba pesa hizo zingenunua mabati au ng'ombe huko mashambani. Lakini kijana aliyeshinda Gikomba mwaka mzima akibeba mabelo ya mitumba, au aliyekesha akiendesha bodaboda kwenye baridi ya Julai, ana haki ya asubuhi mbili za kuamka bila kengele na kusikia mawimbi badala ya honi za matatu. Raha haikuandikiwa watu wa Kileleshwa peke yao.

Isitoshe, hesabu inawezekana. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2017, safari ya kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua kama saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh700, ikapanda hadi Sh1,000, na Januari 2024 ikafika Sh1,500. Imepanda, ndiyo, ila bado haijatushinda. Tuseme mko sita kwenye chama na kila mmoja anaweka Sh500 kwa wiki kuanzia Februari. Kufikia mwisho wa Novemba kila kichwa kina zaidi ya Sh21,000. Toa nauli ya kwenda na kurudi, toa tuktuk na viazi karai vya njiani, na bado kuna kitu cha kulipia siku mbili mahali pa heshima, hasa mkilala wawili wawili.

Hapo ndipo watu hujikwaa, kwenye bei. Ile unayoiona kwenye bango la mtandaoni mara nyingi ni ya mtu mmoja anayeshiriki chumba na mwenzake. Ukienda peke yako utaongezewa. Kuna bei ya kulala na kiamshakinywa tu, kuna inayojumuisha chakula cha jioni, na kuna ile ya kila kitu, vinywaji vikiwemo. Usipouliza, utajua tofauti siku ya kuondoka ukikabidhiwa bili. Krismasi na Mwaka Mpya bei hupaa. Aprili na Mei, masika yakinyesha, hushuka, na hoteli nyingine hufunga kabisa kufanya ukarabati. Bahari nayo ina misimu yake: kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa matulivu na safi, kusi ikija, mwani hutapakaa ufuoni na zile picha ulizotamani kuposti hazitatoka vile. Na kama doh ya safari itatoka kwa mkopo wa simu, baki nyumbani. Hilo hatutalieleza zaidi.

Tunachotaka kulizungumzia ni bangili. Ukifika mapokezi unafungwa bangili ya plastiki mkononi. Ni kitu kidogo, cha bei rahisi, lakini ndicho kinachoamua wewe ni nani kwa siku zako mbili. Ukiteremka ufuoni unakuta kamba, au mstari wa mawe, au askari tu amesimama na sare yake. Upande huu kuna vitanda vya kulalia juani. Upande ule kuna wauza vinyago, wenye ngamia, wauza madafu, na familia ya Kongowea iliyokuja kuwaogesha watoto Jumapili. Unalala pale na bangili yako na juisi yako, na baada ya siku ya kwanza unaanza kuamini kwamba kila unachokiona, hadi kule mawimbi yanakopasukia miambani, ni cha hoteli. Na kwamba wale wa upande ule wameingia bila ruhusa.

Hawajaingia popote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mtu aliyewahi kuona bamvua Bamburi au Diani anajua hilo si eneo dogo. Maji yakitoka, unaweza kutembea mbali sana kuelekea kwenye miamba ukiwa bado juu ya mchanga wa Wakenya. Hoteli inakuuzia kitanda, kivuli, chakula na taulo. Bahari haiko kwenye risiti yako.

Kwa miongo mingi hoteli za Diani, Bamburi, Watamu na Malindi zilimtazama Mjerumani, Mwingereza na Mwitaliano. Mkenya aliyekuwa ndani aghalabu alikuwa amebeba trei. Kisha ikaja Mei 2014, Uingereza ikatoa onyo la usafiri na kampuni za utalii zikawaondoa Mombasa mamia ya wageni kwa mkupuo mmoja. Hoteli zilifungwa, vijana wa Pwani wakatumwa nyumbani. Mwaka 2020 korona ikafunga anga kabisa. Mara zote mbili wenye hoteli walitukumbuka. Ghafla kukawa na bei maalum za Wakenya, picha za familia zenye sura kama zetu, na matangazo ya Kiswahili. Tulienda, tukalipa, tukasaidia kuweka taa zikiwaka. Tulifurahi kualikwa. Ila sisi si wageni wa akiba, wa kuitwa ndege za Ulaya zikikosa kutua na kutazamwa kwa jicho la pembeni zikirudi.

Jicho hilo lipo, tusijifanye. Vijana wanne wenye rasta na lafudhi ya Eastlands wakitembea ufuoni mbele ya hoteli kubwa wana nafasi nzuri ya kuulizwa wanaenda wapi. Mzungu wa mguu peku hatoulizwa. Tunajua anayeuliza ni askari anayelipwa kidogo na kutimiza maagizo, pengine naye ametoka mtaa kama wetu, kwa hivyo hakuna haja ya kumfokea. Maagizo ndiyo yenye shida.

Wenye hoteli watasema ni usalama, na hatuwezi kulipuuza neno hilo. Novemba 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ilishambuliwa kwa bomu na watu wakafa, wakiwemo Wakenya waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Pia ni kweli kuna wageni wanaosumbuliwa ufuoni hadi wanakosa raha. Sawa. Kagueni magari langoni, lindeni vyumba, lindeni kidimbwi. Hayo yote ni yenu. Lakini usalama haufiki hadi kwenye mchanga wenye maji, na haujawahi kuhitaji kuziba njia ya kwenda baharini.

Njia ndiyo kiini cha mambo, kuliko hata kamba. Katiba imekupa mchanga lakini haijakupa mlango. Ukanda ule wa umma uko nyuma ya ploti za watu, na ili ufike lazima kuwe na kichochoro cha umma kati ya ukuta mmoja na mwingine. Tembea kando ya barabara kuu ya Nyali hadi Shanzu, au ile ya Diani, uhesabu kuta na mageti. Halafu uhesabu njia za umma. Kunazo, wenyeji watakuonyesha, lakini ni chache na nyingine hazina hata kibao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wenye ushawishi kinyume cha sheria nchi nzima. Hakuna haja ya kumwambia kijana wa Eastlands maana yake. Tumekulia mitaa ambako uwanja wa mpira uligeuka ploti usiku mmoja, na ukumbi wa kijamii ukawa godauni. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi kwa kudai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Uwanja huo ulirudi kwa sababu watoto walikuwa wanaujua, walikuwa wameuchezea. Njia ya kwenda baharini ikizibwa, aliye mbali kilomita karibu mia tano hata hajui kuna kitu amenyang'anywa.

Kisha wote tunasukumwa mahali pamoja. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, wengi tunauita Pirates, hufurika Desemba 26 na Januari 1 hadi huoni mchanga. Ni mahali pa raha kweli. Unakodi tyubu ya gari, unanunua mabuyu na muhogo wa pilipili, unaogelea na suruali, hakuna anayekuuliza bangili. Ila umati ule wote kwenye kipande kimoja cha maji, wengi wao watu wa bara ambao hawajawahi kuogelea popote, ni hatari. Watoto hupotea. Watu huzama. Njia zikifunguliwa na waokoaji wakasambazwa ufuo mzima, mzigo huo utapungua.

Kwa hivyo serikali za kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikishirikiana na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zina kazi ambayo haihitaji pesa nyingi: zichore ramani ya kila njia ya umma inayofika ufuoni, ziweke vibao vya kusomeka barabarani, na zichapishe orodha hiyo mtandaoni kabla ya msimu kuanza. Iliyozibwa izibuliwe. Kama mwenye ukuta ana hati, aionyeshe hadharani na aseme aliipataje. Na hoteli zilizo waungwana, maana zipo, zinaweza kuanza leo kwa kuwaambia askari wao mpaka wa kazi yao unaishia wapi.

Wewe unayeweka akiba ya Desemba una nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu mwenye hoteli anaitaka hiyo Sh20,000 yako. Kabla ya kutuma pesa za kushikilia chumba, piga simu. Uliza kama bei ni ya mtu au ya chumba. Uliza kama chakula cha jioni kimo. Kisha uliza swali la tatu: njia ya umma ya kufika baharini iko wapi hapo karibu na nyinyi? Wakikuelekeza vizuri, lipia, na ukifika itumie hata kama una bangili. Pitia pale na wauza madafu, ujue inakotokea. Wakikwambia hakuna, waulize ilikuwa wapi.